Jela ya Kapenguria

Mtu atokaye Kitale kwenda kaskazini hupanda vilima mwendo wa maili ishirini na ushei, mashamba ya mahindi yakibaki nyuma yake kidogo kidogo, hata afike Kapenguria, penye ubaridi wa milima ya Cherangani. Kutoka hapo nchi huanza kuteremka kuelekea mabonde makavu ya Wapokot, na mbali zaidi kuelekea kwa Waturkana. Siku hizi Kapenguria ni makao makuu ya Kaunti ya Pokot Magharibi, na nyumba zake zimeongezeka. Lakini mwaka 1952 palikuwa ni mahali pa nyumba chache tu: ofisi za serikali, nyumba za maofisa, maduka, shule, na jela. Hoteli haikuwako. Reli iliishia Kitale. Mgeni asiye na mwenyeji, jua likitua, hakuwa na budi kurudi alikotoka.

Jela yenyewe ni jengo duni. Hapana aitazamaye akaingiwa na hofu kama aionapo Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo nayo ilikuwa jela ya serikali ya Kiingereza tangu 1895 hata 1958, na ambayo kuta zake zilijengwa na Wareno ili kuzuia mizinga. Wala haina umri wa ngome ya Lamu, iliyokwisha kujengwa mwaka 1821 na kufanywa gereza kuanzia 1910 hata 1984. Ya Kapenguria haikujengwa kwa vita wala kwa fahari. Ilijengwa kwa kuwa kila boma la wilaya lilikuwa na jela, kama vile kila nyumba ilivyo na jiko. Pamoja na hayo jina lake limefika mahali pengi duniani, na sababu yake ni miezi michache tu kati ya Novemba 1952 na Aprili 1953, ambapo watu sita walifungiwa humo wakingoja hukumu.

Yafaa kusema neno kwanza juu ya wafungwa ambao hawakuwa hao sita, kwani jela ya wilaya haikujengwa kwa ajili ya watu mashuhuri. Katika Kenya ya wakoloni mwanamume wa Kiafrika aliweza kufungwa kwa mambo mengi ambayo wazee wake wasingeyaita makosa: kutolipa kodi ya nyumba au ya kichwa, kuonekana bila kipande, kuacha kazi ya bwana kabla ya mwezi kwisha, kupitisha ng'ombe mahali palipofungwa kwa karantini. Kipande kilianza kutumika kote mara baada ya Vita Kuu ya kwanza. Hata mwaka 1925 serikali ilikuwa imeona jela zake zimejaa watu wa namna hii, ikatunga sheria ya kuweka kambi maalumu za kuwazuilia, ili wasichanganywe na wezi na wauaji. Watu walioingia na kutoka kwa makosa hayo walikuwa wengi mno, na majina yao yaliishia katika daftari la boma. Mpokot aliyefungwa mwezi mmoja kwa kodi ya shilingi chache alikatiwa nywele, akapewa nguo za jela, akafyeka majani ya ua wa Mkuu wa Wilaya, kisha akarudi kwa ng'ombe zake. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya jela kama ile mwaka hata mwaka, na mtu asomaye habari za wale sita bila kuikumbuka hataelewa ni jengo la namna gani walilopelekwa.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba nchi hiyo ilikuwa imefungwa. Kwa sheria ya mwaka 1902 Gavana aliweza kuitangaza wilaya ya mbali kuwa mahali pasipoingiwa na mtu asiye mkazi wake pasipo kibali, na mwaka 1934 ikaongezwa sheria nyingine ya kuwapa maofisa wa wilaya hizo uwezo mkubwa juu ya watu wake. Serikali ilisema kwamba ilifanya hivyo ili kulinda amani ya makabila ya wafugaji. Huenda ilikuwa hivyo. Lakini matokeo yake ni kwamba mambo ya huko hayakuonekana na macho ya wageni. Mwezi wa Aprili 1950, huko Kolloa upande wa Baringo, wafuasi wa Lukas Pkech, aliyekuwa amejiunga na Dini ya Msambwa, walikutana na kikosi cha polisi. Pkech mwenyewe na wafuasi wake wapatao thelathini waliuawa, na upande wa serikali walikufa maofisa wa Kizungu watatu pamoja na askari mmoja. Tangu hapo serikali ikawaangalia Wapokot kwa jicho la wasiwasi, na mlango wa nchi yao ukazidi kubanwa.

Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alipokwisha kutia sahihi tangazo la Hali ya Hatari, polisi na askari walianza kuwakamata viongozi wa Waafrika mjini Nairobi na kwingineko. Jomo Kenyatta, rais wa chama cha KAU, alichukuliwa kwa ndege mpaka Lokitaung, karibu na mpaka wa kaskazini, ambako jua na mawe ndiyo majirani. Lakini kumweka mtu kizuizini ni jambo moja, na kumshtaki ni jingine. Serikali ilitaka hukumu ya mahakama, ili iweze kuuambia ulimwengu kwamba huyu si mwanasiasa aliyenyamazishwa, ni mhalifu aliyethibitishwa. Kesi ikifanyika Nairobi, watu wangalijaa barabarani kwa maelfu. Ndipo ikachaguliwa Kapenguria: mbali na Wakikuyu, mbali na reli, ndani ya wilaya iliyofungwa, pasipo hoteli ya kumlaza mwandishi wa gazeti.

Ilibaki kitendawili kimoja cha sheria. Hakimu wa Kapenguria hakuwa na uwezo juu ya mtu aliyekamatwa mahali pengine, asiyetenda kosa lolote hapo. Kilichofanyika ni kumleta Kenyatta Kapenguria, kumwambia kwamba ameachiliwa, kisha kumkamata tena papo hapo, ili iandikwe kwamba amekamatwa Kapenguria. Mtu yule alikuwa huru kwa muda wa kupumua mara chache. Hila hiyo ilifanywa mchana kweupe na watu waliojisifu kwamba wameleta utawala wa sheria katika Afrika.

Wenziwe walioshtakiwa pamoja naye walikuwa watano. Fred Kubai alikuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi na mwenyekiti wa tawi la KAU la Nairobi. Bildad Kaggia alikuwa askari katika Vita Kuu ya pili, akarudi na mawazo mapya juu ya dini na juu ya kazi. Paul Ngei alikuwa Mkamba, kijana aliyesoma Makerere. Richard Achieng' Oneko alikuwa Mjaluo, katibu mkuu wa chama. Kung'u Karumba alikuwa mfanyabiashara wa Kiambu. Shtaka lao lilikuwa kuongoza chama kisicho halali, yaani Mau Mau, kilichopigwa marufuku mwezi wa Agosti 1950. Adhabu yake kubwa ilikuwa miaka saba.

Kapenguria haikuwa na mahakama ya kutosha kesi kama hiyo. Likatwaliwa darasa la shule ya kilimo. Walipokaa wanafunzi jana, leo aliketi hakimu, na mawakili, na watuhumiwa, na askari wenye bunduki. Kila asubuhi watuhumiwa walitolewa jela wakaletwa darasani, na kila jioni wakarudishwa. Mawakili wao walilala Kitale, wakaja na kurudi kila siku kwa barabara ya vumbi na matope. Kiongozi wao alikuwa D. N. Pritt, Mwingereza mwenye sifa kubwa na mwenye ulimi mkali. Pamoja naye walikuwapo H. O. Davies kutoka Nijeria, Diwan Chaman Lall aliyetumwa na Jawaharlal Nehru kutoka Bara Hindi, na Wahindi wa Kenya watatu, Achhroo Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh. Hoteli za Kitale wakati ule zilikuwa za Wazungu. Kwa hiyo watu waliotetea kesi moja, wenye elimu moja na joho moja, hawakuweza kuketi pamoja hotelini na kushauriana juu ya mashahidi wa kesho.

Mambo hayo yalimwudhi Pritt hata akapeleka simu London kwa Wabunge, akilalamika kwamba hali ya mahali pale ilikuwa sawa na kuwanyima watu haki. Alishtakiwa kwa kuidharau mahakama, na kesi ya Kapenguria ikasimama wakati yeye mwenyewe akihukumiwa Nairobi. Mahakama Kuu ikamwachilia. Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba Pritt hakulalamika juu ya sheria wala juu ya ushahidi, bali juu ya umbali, na vibali, na malazi. Alikuwa ametambua kwamba mahali palikuwa silaha ya upande wa mashtaka.

Hakimu aliitwa Ransley Thacker. Alikuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Kenya aliyekwisha kustaafu, akaitwa kwa kazi hii. Leo yajulikana kutokana na karatasi za serikali kwamba alipewa pauni 20,000 kutoka katika fedha za Hali ya Hatari, kwa hoja kwamba akisha kutoa hukumu hataweza kuishi Kenya kwa salama. Hoja hiyo ina maana moja tu. Hakimu atakayewaachilia huru washtakiwa wa aina hii angaliweza kuogopa walowezi kidogo. Lakini anayehofia maisha yake miongoni mwa Waafrika amekwisha kujua, kabla ya kusikia neno la mwisho, atakavyosema. Kumwita Thacker mtu aliyehongwa ni kurahisisha mambo, kwani yawezekana kabisa kwamba aliamini kila neno la hukumu yake. Lakini mahakama ambayo hakimu wake amekwisha kulipwa gharama za kukimbia si mahakama.

Kwa wasomi wa lugha, kesi hii ina sehemu moja ambayo haikupata kuangaliwa vya kutosha. Ilisikizwa kwa Kiingereza, juu ya maneno yaliyosemwa kwa Kikuyu, mbele ya mashahidi waliotumia Kikuyu au Kiswahili. Mkalimani wa kwanza alikuwa Louis Leakey, mtaalamu wa mambo ya kale, aliyekulia kati ya Wakikuyu na kuijua lugha yao tangu utoto. Pritt alipinga, kwani Leakey alikuwa amekwisha kuandika kitabu dhidi ya Mau Mau na alikuwa akiisaidia serikali. Baada ya mabishano Leakey akajitoa. Basi ikawa kila neno lina mashaka: nani alitafsiri, na kwa nia gani?

Mfano ulio bora ni wa mkutano wa Kiambu wa tarehe 24 Agosti 1952. Hapo Kenyatta alisimama mbele ya makumi ya maelfu ya watu akailaani Mau Mau, akitumia laana ya kale ya Wakikuyu inayotaja mizizi ya mikongoe, mti ambao mizizi yake haijulikani na mtu iko wapi. Kitu kilichopelekwa kwenye mizizi hiyo kimepotea milele. Kwa Mkikuyu mzee hapana laana kubwa kuliko hiyo. Upande wa mashtaka ulidai kwamba laana hiyo haikuwa ya kweli, kwamba ilikuwa na maana mbili, na kwamba wasikilizaji walielewa kinyume chake. Mtuhumiwa alikuwa katika hali ngumu ajabu. Asingalilaani, angaliambiwa kwamba kimya chake ni ushahidi. Na alipolaani, aliambiwa kwamba laana yake ni ishara ya siri. Mtu hawezi kujitetea mbele ya msikilizaji aliyeamua kwamba maneno hayana maana yake.

Ushahidi mzito zaidi ulikuwa wa mtu mmoja, Rawson Macharia, aliyesema kwamba mwezi wa Machi 1950 alimwona Kenyatta akisimamia kiapo. Upande wa utetezi ulileta mashahidi kumi kulikanusha neno hilo. Thacker aliandika kwamba anamwamini yule mmoja, na kuwakataa wale kumi. Aidha, huo mwezi wa Machi ulikuwa kabla chama hicho hakijapigwa marufuku. Tarehe 8 Aprili 1953 wote sita walipewa kifungo cha miaka saba pamoja na kazi ngumu, na baada yake kuzuiliwa mahali pasipojulikana mwisho wake. Kenyatta alisema kwa niaba ya wenziwe kwamba hawaikubali hukumu hiyo, na kwamba walichotafuta ni haki za watu wa Afrika. Thacker akaondoka Kenya upesi.

Wanahistoria wa leo kwa sehemu kubwa wanakubaliana juu ya jambo ambalo lingaliwashangaza watu wa darasa lile. Mahakama ilimtia hatiani kwa nguvu zaidi yule ambaye hakuwa na uongozi wa kiapo mkononi mwake, nao waliokuwa karibu zaidi na kamati ya siri ya Nairobi, yaani Kubai na Kaggia, waliangaliwa kama wafuasi tu. Kaggia mwenyewe aliyaeleza mambo ya kamati hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1975. Wengine hawakuwa na habari nayo hata kidogo. Kwa hiyo katika vyumba vile vya Kapenguria walikuwamo watu wa namna mbili au tatu, waliojua mengi na waliojua machache, na walikuwa na sababu ya kutoaminiana tangu siku ya kwanza. Jina la pamoja, Sita wa Kapenguria, walipewa na mshtaki wao kabla hawajapewa na taifa.

Ikafuata rufani, na hapa mji mdogo ukalipiza kisasi chake. Thacker alikuwa ameteuliwa kuwa hakimu wa Jimbo la Kaskazini. Kapenguria ilikuwa katika Jimbo la Bonde la Ufa. Serikali ilichagua mahali pa mbali hata yenyewe ikasahau ni pa jimbo gani. Mwaka 1953 Mahakama Kuu, ikikaa Kitale, iliamua kwamba hakimu hakuwa na uwezo wa kusikiliza kesi mahali pale, na kesi yote ikawa si kitu. Furaha haikudumu. Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki iliutangua uamuzi huo, kesi ikarudi Mahakama Kuu, na mwezi wa Januari 1954 rufani za watano zikakataliwa. Oneko peke yake alionekana hana hatia. Naye hakutoka mlangoni, kwani aliwekwa kizuizini palepale kwa amri ya serikali. Mwezi wa Julai mwaka huo Baraza la Faragha la Malkia, lililokuwa ngazi ya mwisho ya rufani, likakataa kuisikiliza kesi.

Wafungwa walikwisha kuondolewa Kapenguria zamani. Jela yao ya miaka iliyofuata ilikuwa Lokitaung, na habari za huko ni ndefu, zastahili makala yake yenyewe: Kenyatta, aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, akipewa kazi ya upishi, Waruhiu Itote, aliyeitwa Jenerali China msituni, akiletwa baadaye na kufundishwa Kiingereza naye, ugomvi kati ya wafungwa hata wengine wasisemezane. Mwezi wa Juni 1958 barua yao juu ya hali mbaya ya jela ilichapishwa katika gazeti la The Observer mjini London, na mwezi huohuo Oginga Odinga akasimama katika Baraza la Kutunga Sheria akataja kwamba hao ndio viongozi wa watu, jambo ambalo kwa miaka sita hapana aliyethubutu kulisema humo kwa sauti.

Mwisho wa mwaka 1958 Rawson Macharia aliapa kwa maandishi kwamba yeye na mashahidi wengine walisema uongo Kapenguria, na kwamba serikali ilimwahidi safari ya Uingereza, masomo, na kazi arudipo. Barua ya ahadi hizo ilikuwako. Serikali ikamshtaki, si kwa uongo wa mwaka 1952, bali kwa hati yake ya 1958, ikidai kwamba kusema alidanganya ndiko kudanganya. Alifungwa. Pritt alikuja tena kutoka Uingereza kumtetea mtu yuleyule ambaye ushahidi wake ulikuwa umewapeleka wateja wake Lokitaung.

Wakati wale sita walipokuwa wakizozaniwa na mahakama tatu na magazeti ya mabara matatu, Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa makumi ya maelfu walikuwa kizuizini Manyani, Mackinnon Road, Mwea, na katika kisiwa cha Manda karibu na Lamu, wengi wao pasipo kushtakiwa kwa lolote. Watu 1,090 walinyongwa katika miaka ya Hali ya Hatari. Hao hawakuwa na Pritt. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 waliotendewa vibaya katika kambi hizo jumla ya pauni milioni 19.9, na kusema kwamba inasikitika.

Kenyatta aliachiliwa Agosti 1961, na mwezi wa Desemba 1963 Kenya ikawa huru, yeye akiwa Waziri Mkuu, na mwaka mmoja baadaye Rais. Tangu hapo kufungwa Kapenguria kukawa heshima, tena mali. Lakini mali hiyo haikugawanywa sawasawa. Kaggia, aliyekuwa waziri mdogo, alidai kwamba ardhi ya walowezi wapewe bure maskini na wapiganaji wa msituni. Mwaka 1964 akaondolewa katika serikali. Mwezi wa Aprili 1965, katika mkutano wa Kandara, Kenyatta alimkemea mbele ya watu kwa hoja ambayo watu wa Kenya hawajaisahau. Aliwataja wenzao wa jela mmoja mmoja: Ngei alikuwa na shamba la kahawa, Kubai alikuwa na nyumba kubwa na shamba zuri, Karumba alikuwa na mabasi yake. Kila alipotaja mmoja alimgeukia Kaggia akamwuliza, yeye amejifanyia nini?

Swali hilo lapasa kuangaliwa sana na kila aandikaye historia ya jela hii. Mwaka 1953 watu sita walisimama darasani kwa jina la watu wote. Miaka kumi na miwili baadaye mmoja wao alipima matunda ya kifungo kile kwa mabasi na kahawa, na yule aliyekataa kipimo hicho akaonekana mjinga. Kenyatta si wa kwanza kufikiri hivyo, wala hoja yake haikukosa wasikilizaji.  Lakini mtu aliyewahi kulala chumba kimoja cha ukuta na Kaggia alijua vema kwamba huyu hakuwa mvivu.

Mwaka 1966 Kaggia alijiunga na Odinga katika chama cha KPU, na mwaka 1968 akafungwa kwa kufanya mkutano bila kibali, kosa ambalo Mkuu wa Wilaya yeyote wa zamani angalilitambua mara moja. Oneko alijiuzulu uwaziri mwaka 1966 kwa sababu hiyohiyo ya kujiunga na KPU. Baada ya ghasia za Kisumu za Oktoba 1969, zilizotokea Rais alipokwenda kufungua hospitali, Oneko alikamatwa pamoja na Odinga. Hakushtakiwa. Aliwekwa kizuizini kwa sheria ya usalama wa umma ya mwaka 1966, na akatoka mwaka 1975. Ngei alipata bahati tofauti: mwaka huo wa 1975 mahakama ilimkuta na kosa katika mambo ya uchaguzi, nayo Katiba ya nchi ikabadilishwa ili Rais aweze kumsamehe. Karumba alikwenda Uganda kwa biashara mwaka 1974, siku za Idi Amin, na hakuonekana tena.

Jela ya Kapenguria ilipokwisha kazi yake iliachwa, kisha ikakabidhiwa Makumbusho ya Kenya, yakaifungua kwa watu mwaka 1993. Vyumba vya wale sita vimehifadhiwa, na zimewekwa picha na habari zao; kando yake huonyeshwa pia vyombo na maisha ya Wapokot, ambao kwa muda mrefu habari za jela hii zilisimuliwa kana kwamba hawakuwako. Ni jambo jema kwamba jengo halikubomolewa. Hata hivyo tarehe ya kufunguliwa kwake yashangaza kidogo. Mwaka 1993 Mau Mau ilikuwa bado ni chama kilichopigwa marufuku katika sheria za Kenya, kwa tangazo lilelile la mwaka 1950. Amri hiyo haikuondolewa hata mwaka 2003. Kwa muda wa miaka kumi mwanafunzi aliweza kulipa kiingilio akaona vyumba vya watu waliofungwa kwa shtaka la kuongoza chama hicho, na kisheria chama chenyewe kikawa bado ni haramu. Tena mjini Nairobi, katika jumba la Nyayo House, palikuwa na vyumba vingine chini ya ardhi, ambamo wapinzani wa serikali waliteswa katika miaka ya 1980, na ambavyo watu wote hawakuonyeshwa mpaka mwaka 2003.

Tarehe 20 Oktoba, siku waliyokamatwa wale sita na wenzao, iliitwa Siku ya Kenyatta kwa miaka mingi. Katiba ya mwaka 2010 ikaibadilisha jina, ikawa Siku ya Mashujaa. Wakati huo hapakuwa na mmoja wao aliyebaki hai. Kenyatta alifariki 1978, Kubai 1996, Ngei 2004, Kaggia 2005. Wa mwisho alikuwa Oneko, aliyefariki mwezi wa Juni 2007. Chumba chake cha Kapenguria, alichokaa miezi ile michache kabla mahakama haijamwona hana hatia, huonyeshwa kwa wageni pamoja na vya wenziwe. Kile alichokaa tangu 1969 hata 1975 hakionyeshwi.